Podi Haihami: Tuache Kuihesabu Kama Hema

Kuanzia mwaka 2027, halmashauri za Wales zitaruhusiwa kumtoza mgeni ada kwa kila usiku anaolala. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imeweka viwango viwili vya msingi: peni 75 kwa anayelala kwenye kiwanja cha kambi au katika chumba cha pamoja cha hosteli, na pauni 1.30 kwa malazi mengine. Kila halmashauri itaamua yenyewe kama itatoza au itaacha. Tangu hapo mjadala umekuwa wa sarafu tu. Wenye malazi wanasema wageni watavuka mpaka waende kulala England, wanaoiunga mkono ada wanajibu kwamba hakuna anayefuta likizo kwa ajili ya peni kadhaa, na pande zote mbili zimeshikilia hapo. Kilichopita bila kelele ni kwamba sheria hiyohiyo inamtaka kila anayelaza wageni kwa malipo ajiandikishe kwenye daftari la taifa. Hilo ndilo lenye uzito, na uzito wake utaonekana zaidi kwenye aina moja ya malazi ambayo imeota kila kona ya mabonde na vilima vya Uingereza: podi ya glampingi.

Hoja yangu ni kwamba podi imekuwa ikitazamwa kama hema lililovaa vizuri, na sheria za ardhi zimeisaidia kuonekana hivyo. Kiutendaji ni jengo la kudumu, kwa sababu kinachoifanya iuzike kimefukiwa ardhini, na kilichofukiwa hakihami. Wanaoipinga wanabishana kuhusu paa lake na wanaoitetea wanabishana kuhusu pato lake, wakati swali linaloamua kama podi inafaa bondeni au haifai liko kwenye bomba.

Kwa asiyewahi kuiona, podi ni kibanda cha mbao ambacho mara nyingi paa lake limepinda, kama mtumbwi uliofudikizwa nyasini. Ukutani mna sufu ya kondoo au povu la kuzuia baridi, dirishani vioo viwili viwili, ndani kitanda, hita na jiko dogo. Inatengenezwa karakanani, inapakiwa kwenye lori ikiwa nzima, inashushwa malishoni kwa kreni, na matangazo yanataka uamini kwamba jioni yake mgeni analala. Neno lenyewe, glampingi, limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza, la umaridadi na la kupiga kambi. Lilianza kuonekana katikati ya miaka ya 2000 na likaingia kwenye Kamusi ya Oxford mwaka 2016. Wauzaji hupenda kulitafutia ukoo wa kifalme: watakupeleka hadi Juni 1520, Henry VIII wa England na Francis I wa Ufaransa walipokutana karibu na Calais katikati ya maelfu ya mahema ya kitambaa cha dhahabu. Mfano huo ungewaumbua kama wangeufuata hadi mwisho, maana mahema yale yalikunjwa kabla siku 20 hazijatimia.

Podi za mwanzo zilistahili kweli kuitwa ndugu wa hema. Zilikuwa ganda la mbao, godoro, taa moja, na choo cha pamoja ng'ambo ya uwanja ambacho mgeni alikifuata usiku akiwa na tochi na viatu vya mvua. Aliyelala humo alikuwa mpiga kambi aliyechoka kulowa. Kisha wageni wakataka choo cha ndani. Walipokipata wakataka bafu, halafu jiko lenye sinki, halafu beseni la maji moto nje ya mlango ili walitazame bonde wakiwa wamezama hadi shingoni. Kila hatua ilikuwa ndogo na ilikuwa na akili ya biashara, kwa kuwa podi yenye choo na joto hupangishwa hata Januari, wakati uwanja wa mahema hufungwa majani yanapoanza kupukutika. Ila kwenye hatua ile ya choo ndipo udugu na hema ulipokatika. Hema linahitaji nyasi tu. Choo kinahitaji mtaro, tangi, mahali pa kumwagia maji yaliyosafishwa, na njia ya kupita lori la kunyonya.

Sheria haikuliona badiliko hilo, kwa kuwa jicho lake liko kwingine. Podi nyingi za Uingereza huombewa kibali kama karavani. Sheria ya maeneo ya karavani ya mwaka 1960 inasema karavani ni muundo wowote uliotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya makazi ya watu na unaoweza kuhamishwa kwa kuvutwa au kwa kubebwa na gari. Ile ya mwaka 1968 ikaongeza zile zinazoungwa kwa vipande viwili na kuziwekea ukomo wa ukubwa, na England ikaupanua ukomo huo mwaka 2006 hadi urefu wa mita 20, upana wa mita 6.8 na kimo cha ndani cha mita 3.05. Zidisha urefu kwa upana: mita za mraba 136, sakafu inayozishinda nyumba nyingi za familia. Podi za kawaida hazifiki hata robo ya hapo, lakini zinaishi chini ya mwavuli uleule. Si kweli kwamba mkulima anajishushia podi bila kuuliza mtu, kibali anakihitaji. Tofauti ni kwamba anaomba kubadili matumizi ya ardhi badala ya kuomba kujenga, na kanuni za ujenzi kwa kawaida hazimgusi mwenye karavani. Sheria inauliza kama kitu hiki kinaweza kuhamishwa. Haiulizi kama yupo anayekusudia kukihamisha.

Kabla ya kuwalaumu wakulima kwa kuutumia mlango huo, inafaa kuangalia walikotoka. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha kuchinjwa kwa mifugo zaidi ya milioni 6 nchini Uingereza, na Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, ndiko kulikoumia kuliko kote. Njia za miguu zilifungwa, wageni wakaacha kuja, na hesabu zilipofanywa ikaonekana kwamba hasara ya utalii ilikuwa kubwa kuliko ya kilimo chenyewe. Hapo wengi waligundua kwamba bonde lao lilikuwa linaishi kwa mgeni kuliko kwa kondoo, ila mapato ya mgeni yalikuwa yakiingia mfukoni mwa mtu mwingine. Miaka ishirini baadaye, England ilianza kupunguza ruzuku iliyokuwa ikilipwa moja kwa moja kwa mkulima kulingana na ukubwa wa ardhi yake. Makato yalianza 2021 na malipo yanakoma 2027. Wales nayo imeingia kwenye mpango wake mpya wa ruzuku mwaka 2026. Kwa mfugaji wa kondoo wa mlimani, ambaye ruzuku hiyo ilikuwa tofauti kati ya faida na hasara, podi tatu kwenye kona ya malisho ambayo haioti kitu cha maana si anasa. Nikiwa mimi, ningezishusha.

Kuna hoja nyingine ya kuzitetea ambayo watetezi wenyewe huisahau, na mimi naiona nzito kuliko ya kipato. Podi haimnyang'anyi mtu nyumba. Vijiji vya Eryri, hifadhi ya taifa yenye milima huko Wales, na vya Lake District, eneo la maziwa na vilima huko Cumbria, vimekuwa vikipoteza nyumba moja baada ya nyingine kwa wanaozinunua kwa ajili ya likizo au kuzipangisha kwa usiku, na kijana aliyezaliwa hapo anaishia kupanga chumba mji wa mbali na kurudi kwao kwa basi kufanya usafi kwenye nyumba ambayo babu yake aliishi. Mgeni anayelala kwenye podi malishoni hakai kwenye sebule ya mtu. Kama mahitaji ya kulala kwenye mandhari nzuri yapo, na yapo, basi afadhali yaende kwenye kibanda kipya kuliko kwenye nyumba ya zamani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka podi zipigwe marufuku kwa jumla. Marufuku hiyo haingemrudisha mgeni kwenye hema, ingemsukuma kwenye nyumba ya kijijini.

Tatizo linaanza pale utetezi unapoegemea hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa sana kwenye maombi ya vibali: kwamba podi ni ya muda, imekaa juu ya skrubu za chuma zilizozungushwa ardhini bila zege, na siku ikiondolewa nyasi zitarudi kama vile hakikuwahi kuwapo kitu. Kuhusu ganda la mbao, ni kweli. Kuhusu mradi, si kweli hata kidogo. Ili podi yenye choo, bafu na hita ifanye kazi, malisho yalichimbwa mtaro wa waya wa umeme na mtaro wa bomba la maji, mara nyingi kwa mamia ya mita, kwa sababu thamani ya podi imo kwenye kuwa mbali na nyumba. Barabara ya kokoto ilimwagwa ili gari dogo la mjini lisikwame. Eneo la kuegesha likasawazishwa, na likikatwa kwenye mteremko huwa halirudi kuwa mteremko. Chini likafukiwa tangi, na mbele yake mabomba yenye matundu yanayotawanya maji udongoni. Ukiuliza gharama za mradi zimekwenda wapi, sehemu nene imo ardhini. Na mtu aliyefukia fedha ya mkopo haondoi podi. Ikichakaa ataleta nyingine na kuiunganisha kwenye bomba lilelile, kama unavyobadilisha balbu bila kugusa nyaya za ukutani.

Hoja ya maji ina jambo moja la kijiografia ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Mahali penye mandhari ya kuuzika ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusafishia maji taka. Kinachompendeza mgeni ni mteremko mkali, mwamba uliochomoza, kijito kinachopita karibu, na ziwa linalong'aa chini. Mtaalamu wa mifereji akiyaona hayohayo anakunja uso, maana mfumo mdogo wa maji taka unategemea udongo mnene na mkavu wa kumalizia kazi ya kusafisha, na mlimani udongo ni mwembamba, mwamba uko karibu, na mvua haiishi. Seathwaite, kijiji kidogo kilichopo bonde la Borrowdale ndani ya Lake District, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mahali penye wakazi England panaponyeshewa kuliko hapo. Maji yake yanashuka kwenye mto Derwent, yanapita Derwentwater, yanaingia ziwa Bassenthwaite. Katika ziwa hilo samaki wa nadra aitwaye vendace alitangazwa kuwa ametoweka mwaka 2001, kabla ya mmoja kuonekana tena 2013. Podi hazikumfukuza vendace. Tope, fosforasi na makosa ya miaka mingi ya kilimo na ya miji ndivyo vilivyomfukuza. Lakini ziwa lililokwisha kujaa rutuba isiyotakiwa halimuulizi aliyeongeza tone la mwisho kama yeye ndiye aliyeanza.

Ndiyo maana bonde la Derwent na Bassenthwaite ni miongoni mwa mabonde yaliyoguswa na ushauri wa Natural England, shirika la serikali la mazingira asilia, uliopanuliwa Machi 2022 na kuhusisha halmashauri 74: kwamba makazi mapya ya kulala usiku, ya utalii yakiwamo, yasikubaliwe kwenye maeneo hayo mpaka ithibitike kwamba hayaongezi fosforasi au naitrojeni kwenye maji yanayolindwa. Wajenzi wa nyumba ndio waliosikika wakilalamika. Wa podi walishangaa zaidi, na mshangao wao unaeleza mengi, kwani hawakuwa wamejihesabu kuwa wanajenga makazi. Mto haukuwahi kusoma sheria ya karavani. Kwake mtu aliyelala kwenye podi na aliyelala kwenye nyumba ya mawe wametoa choo kilekile.

Hapo ongeza majira. Sifa kuu ya podi dhidi ya hema ni kwamba inakalika kipupwe, na sifa hiyo ina deni lake. Katika miezi ya mvua udongo umeshiba, hauwezi kunywa tena, na maji yaliyotakiwa kuchujwa taratibu hutafuta njia ya juu hadi kwenye kijito yakiwa hayajachujika vizuri. Uwanja wa mahema una watu wengi zaidi, lakini wanakuja wakati ardhi imekauka. Watetezi hupenda ulinganisho huu, nami nitawapa haki yao: tangu Julai 2023 mwenye shamba England anaweza kufungua uwanja wa viwanja hadi 50 vya mahema kwa siku 60 kwa mwaka bila kuomba kibali kamili, alimradi aijulishe halmashauri. Hizo ni usiku 3,000 za viwanja. Podi tano zikijaa mwaka mzima bila kukosa mgeni hazifiki 1,900. Kwa uchache wa usiku, podi zinashinda. Tofauti ni kwamba vyoo vya uwanja wa mahema mara nyingi hukodiwa, vikijaa vinabebwa na lori, na Septemba havipo. Podi zinaendelea kumwaga Novemba, Desemba na Januari, kidogokidogo, mahali palepale.

Niliwahi kulala kwenye podi usiku mmoja, mvua ikipiga paa kwa namna inayokufanya ujione una akili kuliko walio kwenye mahema. Asubuhi, wakati napakia mizigo, nilimwona mwenyeji akichomoa kizibo cha beseni la maji moto la jirani na kuelekeza mpira kwenye mtaro wa pembeni. Hakuwa akijificha. Alinisalimu, tukaongea kuhusu hali ya hewa. Maji yalitoka yakiwa na ule moshi mwepesi na harufu ya klorini, yakapotea kwenye nyasi kuelekea kijitoni.

Sisemi hivyo kumshitaki. Mwongozo wa afya na usalama kazini wa Uingereza unamtaka mwenye beseni la namna hiyo alimwage, alisafishe na kulijaza upya kila kundi la wageni linapoondoka, kwa kuwa maji ya uvuguvugu ni kitalu cha bakteria wa lejionela. Ni sharti la busara, linaokoa mapafu ya watu. Ila lifanyie hesabu. Tuseme beseni moja linabeba lita 1,000, nalo si kubwa, na podi inapokea makundi mawili kwa wiki, la mwisho wa wiki na la katikati. Podi tano zitamwaga lita 10,000 kwa wiki, yaani zaidi ya lita 1,400 kwa siku, kabla hujahesabu choo wala bafu. Kanuni za England zinamruhusu mwenye mfumo mdogo kumwaga ardhini hadi lita 2,000 kwa siku za maji taka ya nyumbani yaliyosafishwa bila kibali maalumu. Watu kumi kwenye podi tano, wakitumia tuseme lita 150 kila mmoja, wanakuwa ndani ya ukomo huo kwa raha. Yapeleke na maji ya mabeseni kwenye tangi hilohilo, umeuvuka, na klorini imewaua bakteria waliokuwa wakisafisha choo. Usipoyapeleka huko, yanakwenda kwenye mtaro nilioutazama mimi. Biashara imekua kwa kuongeza beseni, kwa kuwa beseni ndilo linalojaza podi wakati wa baridi, na mara nyingi beseni huja baada ya kibali kutoka.

Sasa nije kwa wapinzani, ambao nao wamechagua uwanja mbaya wa vita. Malalamiko yao makubwa ni kwamba podi zinachafua mandhari. Nawaelewa, safu ya vibanda vinavyofanana kwenye mgongo wa kilima ni karaha. Lakini mandhari wanayoilinda yametengenezwa na watu. Hifadhi za taifa za huko hazikutengwa kama pori, watu wanaishi ndani yake, wanafuga na kulima. Lake District iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017 kama mandhari ya utamaduni, ikisifiwa kwa ufugaji wake na kuta za mawe, na mwaka 2021 machimbo ya mawe ya kuezekea ya kaskazini-magharibi mwa Wales, yenye vilima vya vifusi, yalipewa heshima ileile. Kilichoonwa kuwa kovu kimegeuka urithi. Na hoja ya macho ina historia isiyopendeza: mwaka 1844 mshairi William Wordsworth aliipinga reli ya kwenda Windermere, na sehemu ya hofu yake ilikuwa watu wa tabaka la chini kumiminika mahali ambapo, kwa maoni yake, hawakuwa na elimu ya kupathamini. Reli ilifunguliwa 1847. Wanaosema leo kwamba podi zinaleta "watu wasiofaa" wanaimba wimbo huohuo, na halmashauri ikiwasikia inaacha kusikiliza pia wale wenye hoja ya maana. Podi iliyopakwa rangi ya kijani kibichi na kufichwa nyuma ya miti inawanyamazisha kabisa wapinzani wa aina hii, huku tangi lake likivuja vilevile.

Kwenye hoja ya macho nitawakubalia kitu kimoja, giza. Eryri ilitambuliwa mwaka 2015 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, na podi nyingi hujinadi kwa nyota. Taa za njiani zinazowaka usiku kucha zinaziua nyota hizo. Dawa yake ni ya siku moja: taa ya njano, iliyofunikwa juu, inayojizima. Mambo yangekuwa rahisi hivyo kwenye maji, nisingeandika makala.

Lililobaki ni mwenye podi ni nani. Kwenye mijadala anaonyeshwa mkulima mmoja na mkewe, na wapo wengi wa namna hiyo. Lakini kadiri podi zinavyothibitika kuwa biashara, ndivyo anavyoingia mtu wa pili, mwekezaji anayenunua au kukodi ekari chache ambazo hajawahi kufuga kitu juu yake, anaweka podi kumi na mbili, milango inafunguliwa kwa namba zinazotumwa kwa simu, na usafi unafanywa na kampuni ya mjini. Kwa fomu ya kibali hawa wawili ni sawa. Kwa bonde si sawa. Mkulima anakunywa maji ya kisima kilekile, tangi likifurika anakanyaga yeye, na podi zake zinalipia kondoo ambao wanaendelea kuyatengeneza mandhari ambayo wageni wanakuja kuyaona. Mwekezaji anauza dirisha linalotazama shamba la mwingine. Mkulima naye asipambwe kupita kiasi: kuosha mashuka, kujibu ujumbe saa tano usiku na kuwasha majiko ya kuni ni kazi juu ya kazi, na wapo ambao podi zimewageuza wahudumu wa hoteli wanaofuga kondoo wikendi. Na podi za bonde moja zinagombea wageni walewale. Wa kwanza alipata kwa uchache wake, wa ishirini ataongeza beseni na kupunguza bei.

Narudi kwenye daftari la Wales. Halmashauri haiwezi kulinda mto kwa kuamua ombi moja moja, kila moja likiwa la podi tatu zisizo na madhara, wakati hakuna anayejua juu ya kijito hicho zimeshajaa ngapi. Madhara ya podi ni ya kujumlisha, na huwezi kujumlisha usichokihesabu. Daftari likibaki orodha ya majina kwa ajili ya kukusanya ada, fursa imepotea. Likiwekwa kwenye ramani ileile inayoonyesha matangi, vibali vya kumwaga maji na mabonde yaliyokwisha kulemewa, halmashauri itaweza kumwambia mwombaji kwamba bonde lake bado lina nafasi ya watu wangapi wa kulala, iwe kwenye podi, kwenye nyumba au kwenye jumba la harusi. Ukomo unaohesabu vichwa ungekuwa wa haki kuliko unaohesabu mapaa. Mkulima mwenye podi za kale, zenye choo kimoja cha pamoja kinachobebwa na lori, angepata nafuu anayoistahili, na mwenye beseni kila mlango angelazimika kuonyesha maji yanakokwenda kabla ya kulijaza mara ya kwanza.

Ada yenyewe sina ugomvi nayo, ila naona ajabu mstari wake umechorwa kwa kufuata aina ya malazi. Mwenye hema atoe peni 75 na mwingine pauni 1.30, sawa, tofauti hiyo ina mantiki kwa mfuko wa mgeni. Kwa mto mantiki yake ni ya kubahatisha. Afadhali fedha itakayopatikana mabondeni ipelekwe kwanza kwenye kazi isiyoonekana, kunyonya matangi kwa wakati na kubadilisha ya zamani, kuliko kwenye vibao vya kukaribisha wageni.

Na kwa kuwa waombaji wenyewe ndio wanaosema podi ni ya muda, kibali kiwachukue kwa neno lao. Kiandikwe muda, miaka 15 au 20, na dhamana iwekwe mwanzoni ya kutosha kuondoa kila kitu: podi, kokoto, waya, mabomba, na tangi lichimbuliwe lipakiwe kwenye lori lililokuja kuibeba podi.